Jina la Mke wa Babu

Sauti iliyoniamsha asubuhi nyingi za utoto wangu haikuwa ya jogoo. Ilikuwa ya babu yangu mzaa baba, akiita kutoka mlangoni pa nyumba yake upande wa pili wa ua, baada ya kukohoa na kutema mate ya tumbaku. "Nyarusinga!" Alinyamaza kidogo, kana kwamba anampa mtu nafasi ya kujifunga leso vizuri, kisha akaita tena kwa sauti ya chini, sauti ya mume aliyezoea kungojeshwa. "Jaoda! Leo nife njaa katika nyumba yangu mwenyewe?" Jaoda, kwa Kijaluo, ni mtu wa nyumbani mwangu, yaani mke wangu. Na aliyeitwa hivyo nilikuwa mimi, mvulana mwenye kaptula iliyotoboka nyuma na miguu iliyopasuka kwa umande. Nilichukua kibuyu cha uji kutoka kwa mama, nikavuka ua uliokuwa ukinuka samadi mbichi na moshi wa kuni, nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akaonja, akakunja uso. "Siku hizi unapika vibaya," alisema. "Kabla hujafa ulikuwa unapika vizuri zaidi." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka pamoja naye, kwa kuwa wakati huo sikujua kwamba mtu anaweza kuona haya kwa kuitwa jina lake.

Boma letu lilikuwa juu kidogo ya Rodi Kopany, pale barabara ya Homa Bay inapoelekea Rongo. Siku ya soko tulisikia ng'ombe wakilia tangu alfajiri na wanawake wakipita na karai za samaki kichwani, wakisalimiana kwa sauti kubwa kama watu waliotengana miaka. Baadhi yao walitoka pande za ziwani, na walipopita karibu na kwetu mama yangu aliniita nitoke niwasalimie. "Huyu ndiye Nyarusinga," aliwaambia. Walinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, wakaangua kicheko cha mapenzi, na mmoja akanitilia konzi ya omena, dagaa wa ziwani, kwenye viganja. "Chukua, dada yetu. Huku bara hawakulishi?" Nilirudi nyumbani nikitafuna omena wakavu, harufu yao ikinikaa vidoleni mpaka jioni, nikijiona mtu mwenye ndugu katika mahali ambapo sijawahi kufika.

Ni lazima nieleze jina hilo, kwa sababu hata miongoni mwa Wajaluo lilikuwa geni kwa mvulana. Kwetu mwanamke akiolewa haitwi tena sana jina alilokua nalo. Anaitwa kwa mahali alikotoka. Nyanya yangu alitoka kisiwa cha Rusinga, kwa hiyo tangu siku alipoingia katika boma la babu akawa Nyarusinga, binti wa Rusinga, na hilo ndilo jina alilozeeka nalo na kufa nalo. Alifariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Nilipozaliwa, mama yangu, ambaye ni Msabato wa kutoka upande wa Migori, alitaka niitwe Samweli. Wanasema nilipoitwa Samweli nililia. Nililia siku nzima na siku iliyofuata, nikakataa ziwa la mama, mpaka wanawake wa boma wakaketi wakanizunguka na kuanza kutaja majina ya wazee wetu waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi, ili aliyekuja ajulikane. Walitaja wanaume wote wakamaliza. Ndipo dada yake babu, mwanamke mwenye maneno mengi, akasema kwa mzaha, "Au ni Nyarusinga amechoka kukaa huko peke yake?" Nikanyamaza. Nikashika ziwa nikanyonya. Baba naye alisema kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo alimwota mama yake amesimama mlangoni na kikapu cha samaki, haingii wala haondoki. Mama alijaribu kubisha kwamba mtoto ni wa kiume, na yule dada yake babu akamjibu jambo ambalo lilirudiwa katika boma letu miaka mingi: "Amekuja mwenyewe. Mtamfukuza kwa sababu amevaa mwili wa mvulana?"

Mtu aliyekulia mahali pengine anaweza kudhani huo ulikuwa mchezo tu wa majina. Haukuwa mchezo. Baba yangu aliniita Mama. Hakuwahi kunichapa hata mara moja, ingawa ndugu zangu walichapwa kwa makosa tuliyoyafanya pamoja, na walipolalamika aliwauliza, "Mnataka nimchape mama yangu?" Babu alinipa kigoda cha miguu mitatu alichokalia nyanya na sahani yake ya bati yenye maua mekundu, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa. Kulipokuwa na ugomvi kati ya baba na babu, niliitwa niketi katikati yao, nikiwa sijui hata ugomvi unahusu nini, kwa sababu nyanya alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akiketi pale. Niliketi, nikachora ardhi kwa kidole cha mguu, nao wakateremsha sauti zao. Nilikuwa mtoto mdogo mwenye heshima ya mwanamke mzee, na nikiri kwamba niliifurahia sana.

Shule ndiyo iliyonifundisha aibu. Siku ya kwanza mwalimu aliita majina, na alipofika kwangu darasa zima liligeuka kutazama upande wa wasichana. Nikasimama mimi. Tangu siku hiyo sikupata amani. "Nyarusinga, mume wako hajambo?" waliniuliza njiani. "Nyarusinga, mbona hujabeba maji kichwani?" Kulikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa akinishika mkono kila tukipanga mstari na kusema, kwa sauti ya mshenga, "Huyu ameshaposwa na babu yake, msimguse." Nilianza shule nikiwa nimechelewa, kwa hiyo nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu, na kejeli ya mtoto mdogo kwa mtu mkubwa inauma mara mbili. Sauti yangu ilipoanza kuwa nzito nikiwa darasa la sita, nilianza kuchelewa kuitika babu alipoita asubuhi. Nilijifanya sijasikia. Aliita mara mbili, mara tatu, kisha akavuka ua mwenyewe na fimbo yake kuja kuchukua uji, na akasema kwa mama, bila hasira, "Amekasirika. Hata zamani alikuwa hivi."

Katika msimu wa mvua ndefu wa mwaka huo ndipo babu aliponiambia jambo ambalo sikulijua. Tulikuwa chini ya ukingo wa paa la nyumba yake, mvua ikinyesha, yeye akisokota kamba ya katani juu ya paja lake. Aliniambia kwamba zamani, baba yangu akiwa bado ananyonya, yeye na shemeji yake wa Rusinga walikosana kwenye pombe. Shemeji alimtukana mbele ya watu kwamba ni mtu wa bara asiyejua hata kuogelea, aliyekuja kuchukua binti wa ziwa kama mtu anayeokota samaki mfu ufukweni. Babu aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga kisiwa kile tena. Haukupita muda mrefu, mwuza samaki mmoja akaleta habari kwamba mama yake nyanya amefariki. Nyanya alifunga mtoto mgongoni, akajifunga leso kiunoni, akawa tayari kwenda kumlilia mama yake. Babu alisimama langoni. Alimwambia, ukivuka hapa usirudi. Nyanya alimtazama, akageuka, akaenda nyuma ya ghala la mtama, akaketi upande unaotazama ziwa na kulia huko peke yake siku tatu, bila mtu wa kulia naye. Watu wa kwetu wanajua uzito wa jambo hilo. Binti akikosa kwenda kumzika mama yake hasemwi tu kwa siku moja. Kaburi lile linabaki linamngoja. Nyanya hakulitaja tena jambo hilo mpaka akafa, na babu alisema kunyamaza kwake ndiko kulikomchosha.

Alipomaliza nilitazama matone yakianguka kutoka kwenye nyasi za paa. Kisha akaacha kusokota kamba, akanitazama, na nikaona kwamba hakuwa akizungumza na mjukuu wake. "Nyarusinga," alisema, "nilikukosea." Nilicheka, kwa kuwa tulikuwa tumezoea utani. Yeye hakucheka. Nikasema, "Haya, babu, yamekwisha." Akatikisa kichwa. "Hayawezi kwisha hapa chini ya paa. Nitakupeleka mwenyewe kwa mama yako. Tutatembea wote wawili mpaka kaburini, ulie unavyotaka, nami nisimame nyuma yako watu wa kwenu wanione. Utakwenda na mimi?" Nikamwambia nitakwenda. Aliniuliza tena, kana kwamba nilikuwa mtu ninayeweza kukataa, na mimi nikamwambia tena kwamba nitakwenda. Baada ya hapo kila akipata nguvu alisema safari ni karibu, na kila ikikaribia alipata sababu ya kungoja: palizi, ng'ombe mgonjwa, goti lake. Leo naelewa kwamba aliogopa. Mzee wa umri ule aliogopa nyuso za wakwe zake kama kijana anayeenda kuposa.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Migori. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akiuza nguo za mitumba sokoni na alikuwa na mabinti watupu, na mama akaona ni vizuri nikae kwake nimalizie shule ya msingi mjini. Babu hakupenda. Aliniuliza, "Unarudi kwenu ukiniacha?" kama mume anayeachwa, na safari hii hata mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshaamua jambo moja njiani, kichwa changu kikiwa dirishani na vumbi likinijaa puani. Mwalimu mkuu wa shule mpya aliponiuliza jina, nilisema naitwa Jefri. Nililitoa kwenye redio, kutoka kwa mtangazaji aliyekuwa akitaja watu wanaosalimiana. Mjomba alikuwa amesimama kando yangu. Yeye ni Msabato wa kweli, na mambo ya majina ya wafu yalikuwa yamemkera tangu nilipozaliwa. Aliniwekea mkono begani, akabonyeza kidogo, tukatoka.

Sijui kama wasomaji wangu wamewahi kuvaa jina jipya. Ni kama shati lililonyooshwa: unatembea umejinyoosha, unajitazama. Migori ilikuwa mji wa watu waliochanganyika, Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, na Kiswahili ndicho tulichoelewana nacho uwanjani, kila mtu akikivunja kwa njia yake. Hakuna aliyejua habari zangu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Marwa, Mkuria mwenye miguu mirefu aliyecheza mpira kama mtu anayefukuza mwizi, naye alinifupisha nikawa Jefu. "Jefu, leta mpira! Jefu, wewe ni mkali!" Kuna msichana mmoja wa darasa la nane aliyeniita Jefri huku akiangalia pembeni. Niliketi nyuma ya kibanda cha mjomba jioni, katikati ya harufu ya nguo kuukuu na dawa ya nondo, nikajisemea jina hilo kimyakimya. Nilikwenda nyumbani likizo ya Aprili, na babu aliponiita asubuhi kwa lile jina la zamani, niliitika kwa kuguna.

Alikuja Migori muhula uliofuata. Ilikuwa wakati wa mapumziko ya saa nne, tuko uwanjani na mpira wetu wa makaratasi na kamba, nikamwona mlinzi wa getini akija na mzee amemfuata nyuma. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa amevaa lile koti lake refu la sufu alilolitunza kwa ajili ya mazishi na harusi, kofia mkononi, viatu amevipaka mafuta, na kwapani amembana kuku jike aliyefungwa miguu. Mara moja nikajua anakwenda wapi. Mkwe hawezi kufika ukweni mikono mitupu. Alikuwa amepata ujasiri hatimaye, na alikuwa amekuja kunichukua.

"Nyinyi!" mlinzi alipaza sauti. "Nani anaitwa Nyarusinga?"

Wavulana Wajaluo waliangua kicheko. "Soja, hiyo ni jina ya mwanamke! Tafuta upande ya wasichana!" Mlinzi akamgeukia babu, na babu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akasema kwa adabu kubwa, "Hapana, si msichana. Ni mtoto yangu. Kijana. Jina yake Nyarusinga." Kicheko kikazidi. Kisha macho yake yakanipata. Uso wake wote ulifunguka. Akainua mkono wenye kofia, akaita kwa furaha, kwa sauti ileile iliyokuwa ikivuka ua wetu kila asubuhi: "Jaoda!"

Marwa hakujua Kijaluo. "Anasema nini?" aliuliza, na kijana mmoja akamjibu huku akishika tumbo, "Anaita bibi yake! Anamwita Jefu bibi yake!" Wengine walikuwa wameanza kukimbia kuja kuona. Yule msichana wa darasa la nane alikuwa amesimama mlangoni pa darasa na wenzake. Marwa alinitazama bila ubaya wowote, anataka tu kujua. "Jefu, unajua huyu mzee?"

Nilisema, "Simjui. Pengine amepotea."

Nilisema kwa Kiswahili, na nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba hataelewa. Alielewa. Niliona kofia ikishuka polepole mpaka ikagusa koti. Hakunikemea. Hakutaja jina la baba yangu, ambalo lingetosha kunitoa mafichoni mbele ya wote. Alinitazama kwa muda kama mtu anayetazama ng'ambo ya maji, akaitikia kwa kichwa kama anayekubaliana na neno aliloambiwa, kisha akamgeukia mlinzi. "Pole sana, bwana," alisema. "Macho yangu imezeeka. Si yeye. Nimekosea shule." Mlinzi akamsindikiza mpaka getini. Kuku alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kwapani mwake. Mimi niliupiga mpira, tukaendelea kucheza.

Jioni nilipofika kwa mjomba alikuwa akikunja nguo. "Babu yako alipita hapa," alisema. "Alitaka mwende Rusinga. Anasema alifika shuleni akakuta uko kwenye masomo, akaona asikusumbue." Mjomba akanitazama kwa makini, na nadhani alijua, kwa maana aliongeza, "Bado yuko stendi pengine. Magari ya Rongo hayajaondoka yote." Kutoka kibanda chake mpaka stendi si mbali. Nilisimama nikashika mlango. Nikawaza nitakavyomkuta, nitakavyosimama mbele yake, na neno gani litakuwa la kwanza. Nikajiambia ni afadhali ningoje shule zifungwe, niende nyumbani, nimwambie tuondoke siku hiyohiyo. Nikaketi nikamsaidia mjomba kukunja nguo.

Shule hazikuwahi kufungwa na yeye akiwa hai. Habari zilipofika, mimi na mjomba tulisafiri hadi Rodi Kopany, na tulipokaribia boma nilisikia vilio na ngoma, nikaona vumbi la ng'ombe waliokuwa wakikimbizwa kufukuza kifo, kama inavyofanywa mzee anapofariki. Sikuweza kulia. Dada yake babu, yuleyule mwenye maneno mengi, aliniona kwenye kundi la vijana akanivuta mkono mbele ya waombolezaji. "Njoo," alisema, "njoo umwone mume wako." Hakuna aliyecheka. Walinipisha. Nilisimama mbele ya jeneza mahali anaposimama mjane, na wanawake wote waliacha kulia kidogo wakingoja nilie mimi, kwa kuwa ndivyo inavyopasa, mjane aanze.

Baada ya mazishi baba alinichukua tukaketi nyuma ya ghala. Alikuwa amenyoa kichwa, na alionekana mdogo. Nilitaka kumwambia yaliyotokea shuleni, nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini yeye alianza. Aliniambia babu aliporudi kutoka Migori alimfungua yule kuku akamwacha aende zake, akaingia ndani, na hakuzungumza mpaka kesho yake. Kesho yake alimwita baba. Hakumwambia kwamba nilimkana. Alimwambia hivi: "Nilikwenda kumwomba Nyarusinga twende kwao. Amekataa kwenda na mimi. Ana haki. Mimi nilimzuia langoni, naye amenizuia langoni. Tusimlaumu." Basi. Tangu siku hiyo hakuita tena jina langu asubuhi, jambo alilokuwa akilifanya kwa mazoea hata nikiwa Migori, na hakutaja Rusinga tena. Baba aliniuliza kwa upole, akiwa ameshika magoti yake, "Mama, ulimkatalia kweli?"

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumwambia kwamba hakuwa nyanya aliyekataa, kwamba alikuwa ni mvulana tu aliyeogopa kuchekwa na msichana wa darasa la nane. Lakini ili kusema hivyo ilinipasa niseme kwamba mimi si Nyarusinga, na hapo, katika udongo ule uliokuwa bado mbichi, sikuweza kulikana jina mara ya pili. Nikasema, "Ndiyo." Baba akaitika kwa kichwa. Alilipokea kama neno la mama yake, na alikwenda nalo mpaka kaburini kwake mwenyewe miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mzee mmoja alikufa akiamini kwamba mke wake hakumsamehe, na mwanawe akafa akiamini vivyo hivyo, na mwanamke mwenyewe hakuulizwa. Mimi ndiye niliyemsemea. Nikimkumbuka yule mama aliyeketi nyuma ya ghala akitazama ziwa, naona kwamba babu alimnyima safari ile mara moja, na alipojaribu kumrudishia, mimi nikamnyima tena.

Nilimaliza shule ya msingi, nikamaliza ya upili, nikafanya kazi hapa na pale, nikauza nguo kama mjomba, nikaoa. Vyeti vyangu vyote vinasema Jefri. Nilipofikia umri wa kuwa na watoto wangu nilivuka kwenda Rusinga, kwa barabara ya juu ya maji kutoka Mbita, safari fupi kabisa, ya kutia aibu kwa ufupi wake. Nililipata boma. Kaburi la mama yake nyanya lilikuwa limelala sawa na ardhi na mahindi yameota juu yake, na mzee mmoja mwanamke alinionyesha mahali kwa fimbo. Nilipomwambia mimi ni Nyarusinga, hakuelewa ninamsema nani. Kisiwani hakuna mtu anayeitwa hivyo. Ni jina ambalo binti hulipata akishaondoka. Ilibidi nieleze, na alipoelewa alinitajia jina alilokua nalo nyanya nyumbani kwao, jina ambalo hakuna mtu wa boma letu aliyewahi kunitajia. Niliketi kwenye mahindi yale nikalia nilivyoweza. Lakini safari ile ilikuwa ya watu wawili, na nyuma yangu hakukuwa na mtu aliyesimama.

Siku hizi wajukuu wangu wanapewa majina kutoka kwenye simu. Binti yangu mkubwa, anayeishi Nairobi, alichagua la mwanawe miezi kadhaa kabla hajazaliwa, zuri la kutamka, na alinipigia kuniambia maana yake katika lugha ambayo sote wawili hatuijui. Siwalaumu. Mtoto huyo hatavutwa mkono mbele ya jeneza akiwa na umri wa kucheza mpira, na hakuna mzee atakayemwekea mzigo wa nyumba yake shingoni. Analala usingizi mzuri, ananyonya, hakuna anayemsikiliza analia kwa ajili ya nani. Mimi mwenyewe, kila mtoto alipozaliwa kwangu, nilingoja. Nililala usiku nikitumaini nitamwota babu mlangoni, ili nimpe mtoto mmoja jina lake na kumwita kila asubuhi kwa heshima. Hakuja. Kwetu tunasema mtu haji mahali alipokataliwa.

Mwezi uliopita nilimwambia binti yangu kwamba nikifa, tangazo na msalaba viandikwe Nyarusinga, na Jefri waliache kwenye vyeti. Alikuwa amekaa jikoni kwangu akimenya viazi. Aliacha kisu hewani. "Baba," alisema, "watu wakisoma hivyo si watadhani tunazika mwanamke?"

Nikamwambia waache wadhani.